Mwezi wa Kuja Kalemie

Liège, tarehe 9 Machi 2025

Yaya Philo, dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwenye baridi hii isiyotaka kuondoka. Hamjambo huko? Mama anaamkaje, miguu bado inavimba? Na wewe, mgongo unasemaje? Huku tu wazima, ila kifua cha Keren kilibana tena wiki mbili, na mimi nimechoka hivi kwamba jana nililala ndani ya basi nikapitishwa vituo vitatu.

Nakuandikia kwa jambo moja. Nataka kuja nyumbani. Najua nimelisema miaka yote, lakini safari hii ni kweli. Miaka kumi na minne, Yaya! Baba alikufa mimi niko huku bila makaratasi, nikamlilia jikoni peke yangu. Sasa makaratasi ninayo, na Mama ana miaka themanini na mitatu. Nataka anione kwa macho yake. Nataka amwone na Keren, ambaye ana miaka kumi na miwili na anamjua bibi yake kwa sauti ya simu tu. Nikilikosa hilo sitajisamehe.

Shida ni mwezi. Kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi, kila mtu anaandika likizo yake kwenye karatasi ya ukutani, na anayechelewa anabaki na makombo. Nimetafuta kwenye intaneti nikaona ukurasa unaowaambia watalii wakati mzuri wa kutembelea nchi yetu. Miezi yote kumi na miwili imepangwa na kupakwa rangi. Juni mpaka Agosti ni kijani. Mei na Septemba ni manjano. Iliyobaki yote ni nyekundu, na Februari ndiyo nyekundu kuliko zote. Keren ameweka kidole kwenye kijani akasema, "Mama, twende hapa."

Lakini waliopaka rangi zile hawajawahi kulala kwetu. Wewe ndiye unayejua. Nitajie mwezi, nami nitaandika jina langu.

Mdogo wako,
Chantal

Kalemie, tarehe 22 Machi 2025

Mdogo wangu Chantal,

Amani kwako na kwa huyo mwenye kifua. Mpake mafuta ya mawese ya moto, na usicheke, wewe mwenyewe ndiyo yaliyokukuza. Mama yuko. Asubuhi amekula, mchana amekataa. Mgongo wangu ni kama mlango wa zamani, unafunguka ila lazima ulie kwanza.

Unaona naandika kwa mkono na kupiga picha kurasa. Mwalimu aliyefundisha miaka thelathini hawezi kuandika kwa kidole gumba. Tena simu inakatika, na Mama akinisikia naongea anaitaka, halafu hajui la kusema.

Rangi zako zimenichekesha, na siku hizi sicheki ovyo. Kijani ya nani? Tangu katikati ya Mei mpaka katikati ya Agosti ziwa linafungwa, hakuna kuvua, ili samaki wazae. Mwaka jana tulikula majani ya sombe na maharage mpaka tukasahau harufu ya samaki, hata ndagala. Utatoka Ulaya uje Kalemie usikute ndagala, halafu urudi ukawaambie nini wenzako? Juni na Julai upepo unapiga tangu asubuhi, boti zinarushwa, vumbi linaingia hata ndani ya sahani iliyofunikwa. Agosti watu wanachoma majani huko vilimani, moshi unashuka mjini. Kifua cha Keren kitakuja kufanya nini humo?

Na Mama mwenyewe Julai anasumbuka sana. Basi Julai hapana. Fikiria mwezi mwingine.

Yaya wako,
Philo

Liège, tarehe 2 Aprili 2025

Yaya,

Shikamoo, na pole na mgongo. Mafuta ya mawese nimempaka, shuka limeharibika, lakini usiku amelala. Mama amekula leo?

Nimekuelewa kuhusu kijani. Basi nimefikiria Desemba. Noeli nyumbani! Maembe yatakuwa yameiva, ziwa limefunguliwa, kaka yetu Anatole anaweza kupanda pikipiki kutoka Manono kama bado anakumbuka njia. Keren hajawahi kuona Noeli ya jua. Ukutani Desemba inagombaniwa, lakini nikiomba mapema nitapata.

Kitu kingine kinanisumbua. Jumapili nilipopiga simu ukampa Mama, alinisikiliza, akasema, "Asante, mama, ubarikiwe," kisha akakurudishia. Mama, mimi? Alikuwa na usingizi?

Nijibu kabla ya mwisho wa mwezi.

Mdogo wako,
Chantal

Kalemie, tarehe 30 Mei 2025

Mdogo wangu,

Natumaini mko wazima. Nimechelewa, najua. Si kwamba sina maneno, nakosa mikono. Mama aliugua malaria, akapona, kisha mimi nikaugua, na mtu wa kuniambia pole alikuwa Mama Immaculée jirani peke yake. Mwenyezi Mungu amlipe yule mama, maana mimi siwezi.

Desemba umeichagua kwa ajili ya maembe. Maembe ni kweli. Lakini Desemba mvua hazina adabu. Unakumbuka mtaa wa avenue ya chini, tulikokuwa tunateka maji? Ziwa lilipanda likala nyumba zile, na kila mvua kubwa watu wa huko wanapanda kwetu na magodoro kichwani. Vyoo vinajaa, kipindupindu kinatembea. Ndege inasema Jumanne, inakuja Ijumaa, au inazunguka juu ya mawingu na kurudi ilikotoka. Barabara ya Manono inakuwa matope tupu, na Anatole hata kwenye jua haji. Anasubiri madini ya litiamu yamtajirishe kwanza.

Na Desemba pia Mama anasumbuka, kama Julai. Anatoka nyumbani, anashuka mpaka bandarini peke yake kwenye mvua. Mwaka jana nilimkuta amesimama na mwavuli umefungwa mkononi.

Kuhusu simu, ndiyo, alikuwa na usingizi.

Yaya wako,
Philo

Liège, tarehe 8 Juni 2025

Yaya Philo,

Poleni na malaria. Mbona hukuniambia? Umepata dawa nzuri? Hapa tuko.

Nitasema wazi, nikikukosea heshima unisamehe. Julai hapana, Agosti hapana, Desemba hapana. Nikikwambia Septemba utaniambia joto, Machi utaniambia radi. Umeniachia mwezi gani? Ni mvua inayokukataza, au ni wewe usiyenitaka? Ukuta umejaa majina ya watu, langu halipo, na Keren ameacha kuniuliza.

Nafanya kazi na wazee miaka tisa. Mzee anayemwambia mwanawe "asante, mama, ubarikiwe" hana usingizi. Na mzee hatoki kwenda bandarini bure, kuna mtu anamngoja. Kama Mama hanijui tena, niambie. Nimezoea kuyasikia maneno hayo, huwa nawaambia mimi watoto wa wengine. Anamngoja nani?

Mdogo wako,
Chantal

Kalemie, tarehe 21 Septemba 2025

Chantal,

Salamu za Bwana ziwe kwenu. Mama hajambo kwa hali yake. Mimi nashukuru Mungu kwa mdomo tu.

Miezi mitatu nimekaa na barua yako chini ya kitambaa cha meza. Kila nikifuta meza naisikia. Leo mvua ya kwanza imenyesha, ndagala tulizoanika zimelowa zote, Mama amelala mchana, nami sina nguvu ya kuendelea kuficha.

Unakumbuka valizi uliyompa Jovial, mwenzako wa huko, alipokuja Lubumbashi, Novemba mwaka 2023? Iliyofika na ndege, yenye magurudumu, na ndani ukaniwekea lile koti la bluu? Nilienda kuipokea uwanja wa ndege. Mvua ikanikuta njiani, nikafungua valizi nikavaa koti. Nikaingia nyumbani kwa mlango wa mbele, kwa sababu magurudumu yalikuwa yanakwama kwenye matope ya upande wa jiko. Mimi siku zote napitia jikoni, unajua.

Mama alikuwa amekaa kwenye kiti chake anaelekea mlango. Akainuka. Chantal, yule mama anayelilia miguu kila akiinuka, akainuka mara moja! Akapiga vigelegele. Akasema, "Chantal! Mutoto wangu, njo weye? Umefika? Ingia, ingia, mvua imekupiga!" Akanishika uso kwa mikono miwili. Immaculée akaja mbio kuona nani amefika, akatutazama, akaelewa, akarudi kwake.

Nilitaka kusema, "Mama, ni Philo." Naapa nilifungua mdomo. Lakini ilikuwa muda mrefu sana tangu mtu afurahi kuniona nikiingia mlangoni.

Unajua kuku wako. Tangu ulipoondoka Mama hakuacha kufuga kuku wa kukupokelea. Akizeeka mmoja anateuliwa mwingine, na hakuna ruhusa ya kumgusa, hata Pasaka. Siku ile Mama akaamuru achinjwe. Nikamchinja mimi, nikamnyonyoa mimi, nikampika mimi huku nimefunga kitenge juu ya koti lako. Mama akakaa nami mezani, akachukua firigisi kwa vidole vyake akaniwekea kwenye sahani. Kwetu firigisi ni ya mgeni aliyetoka mbali. Mimi ni mtoto wa kwanza wa nyumba hii, nimepika kuku wasiohesabika, na sijawahi kupewa firigisi. Anayekaa nyumbani hafungiwi kuku.

Nilikula firigisi yako. Ilikuwa tamu, nisamehe.

Jioni Mama akaniuliza, "Na Philo? Mbona hayuko? Iko bado Moba kwa mamere?" Nilisoma Moba kwa masista miaka sita, wewe ulikuwa mdogo mno kukumbuka. Wasichana tulirudi na boti mara mbili kwa mwaka, Julai na Noeli, na Mama alikuwa anashuka bandarini kutungoja. Sasa kwa Mama, Chantal amefika na hatoki tena. Aliyebaki kungojwa ni Philo. Ndiyo maana Julai na Desemba anashuka ziwani. Namfuata mimi, namshika mkono mimi, na njiani ananiambia, "Chantal, yaya wako amechelewa. Upepo umewazuia." Kila mara najibu, "Ndiyo, Mama."

Miaka miwili karibu nimekuwa wewe. Mwanzoni nilijaribu kumrekebisha. Alinitazama kama mwizi, akalia siku nzima, akakataa kula. Basi nikaacha. Avenue nzima bado inamwita Mama Philo, watu wanapita barabarani, "Jambo, Mama Philo," naye anaitika vizuri, na Philo mwenyewe ndiye anayemwogesha.

Sasa unaelewa kwa nini kila mwezi ulikuwa mbaya. Vumbi ni kweli, mvua ni kweli, ziwa kufungwa ni kweli. Lakini niliogopa uje, akuone mgeni mlangoni, na mimi nibaki sina hata jina la kuazima. Sitaki mengi. Nataka mara moja tu kabla hajafa anitazame aseme Philo. Nimechoka, mdogo wangu. Nimechoka mpaka kwenye nywele.

Andika mwezi unaotaka.

Yaya wako

Liège, tarehe 3 Oktoba 2025

Yaya wangu,

Nakusalimu kwa magoti. Usiniambie leo habari za mgongo na miguu, najua hazina uzuri. Keren yuko shuleni, mimi nimekaa kwenye ngazi za kazini na hewa ya nje inaniuma masikio.

Nililia. Kwanza nililia kwa ajili ya kuku, usicheke. Miaka kumi na minne nikishuka kutoka kazini usiku nimekuwa nikijiambia, "Nyumbani kuna kuku wangu amefungwa mguu." Kumbe alishaliwa, na nilishafika, na nilishapokelewa kwa vigelegele, mimi sikuwepo. Nilikukasirikia siku tatu nzima. Siku ya nne ikaisha.

Hapa kuna bibi mmoja anayeniita Monique. Monique ni binti yake. Ninaitika, namkata kucha, anasimulia ya utoto wa Monique. Saa mbili usiku navua nguo za kazi, naning'iniza Monique kwenye kabati, narudi kwangu nikiwa Chantal. Wewe huvui. Hilo ndilo ninalolala nalo. Wenzangu wanapewa siku za kupumzika baada ya wiki moja ya kazi hiyo, na wewe unamaliza mwaka wa pili.

Nimeandika jina langu Februari. Kwenye ukuta hakuna aliyeitaka. Tunafika tarehe 7, tunaondoka tarehe 3 Machi. Keren atakosa shule wiki moja na siku mbili tatu, wiki zilizobaki ni likizo yao. Najua Februari ni nyekundu. Najua mvua, ndege, matope, kipindupindu, nitachemsha maji mpaka yachoke. Nilikosea kuuliza mwezi mzuri kwangu. Februari si likizo ya Moba, kwa hiyo Mama hatashuka bandarini, na wewe unaweza kuondoka.

Utakaa nami siku mbili unionyeshe dawa na chakula, kisha utapanda boti kwenda kwa Mélanie wako wa Moba, yule mliyelala naye vitanda jirani kwa masista. Usinibishie. Mimi ndiyo kazi yangu hii.

Mdogo wako,
Chantal

Kalemie, tarehe 12 Februari 2026

Yaya Philo,

Ulifika salama? Mawimbi hayakukutapisha? Nilisimama bandarini mpaka boti yenu ikawa kama kokwa la embe, kisha mvua ikanifukuza. Sisi wazima. Kifua cha Keren, usiamini, hakijalia hata siku moja. Inaonekana kilikuwa kinataka maji ya mbinguni.

Mama amekula. Anakula vizuri kwangu, samahani kusema, kwa sababu ananiogopa kidogo. Siku ile ya kwanza uliona mwenyewe, alinitazama, akatazama viatu vyangu, akaniamkia kwa heshima. Sasa ameamua mimi ni mtawa wa dispansari. Ananiita Mamere. Keren ni mtoto wa shule aliyeletwa kumwimbia, basi Keren anamwimbia kwa Kifaransa, na Mama anapiga makofi mahali pasipo pake.

Inauma, Yaya. Nilijua itauma, nina cheti cha kujua, na bado iliuma. Jana nikimkausha miguu nilimwambia, "Mama, mimi ni Chantal." Akanigonga begani taratibu kama mtu anayemsamehe mlevi. Akasema, "Chantal wangu ametoka, Mamere. Atarudia. Ule hawezi kukaa mbali na mi." Unasikia? Wewe huwezi kukaa mbali naye.

Pumzika. Usiniulize habari za ndagala zako, tunazianua kila wingu likipita, mimi na Keren na Mama Immaculée, tunakimbia kama wezi.

Mdogo wako,
Chantal

Moba, tarehe 17 Februari 2026

Mdogo wangu,

Salamu kutoka kwenye baridi ya huku juu, wewe ungesema ni joto. Mélanie anakusalimu. Hamjambo wote watatu? Mama anapata choo? Dawa ya presha ni asubuhi, si jioni.

Nimelala. Sina habari nyingine. Siku tatu za kwanza nililala mpaka Mélanie akaja kuweka mkono puani kwangu aone kama napumua. Nikiamka nakuta maharage na viazi vimepikwa na mtu ambaye si mimi. Nakula, nalala tena. Mgongo umenyamaza, sikujua kama unaweza.

Juzi nilishuka sokoni. Mzee mmoja, Adalbert, aliyekuwa anatuuzia mikate tukiwa wasichana, akanikazia macho akaita, "Philo! Philo, binti ya David wa Kalemie!" Ilibidi nikae chini juu ya gunia la mtu. Tangu asubuhi mpaka jioni hapa naitwa Philo. Philo njoo ule, Philo vaa sweta.

Chantal, nitakuambia neno baya. Sitaki kurudi. Boti ni Jumamosi tarehe 28, najua unaondoka Jumanne yake, najua hakuna mwingine. Nitakuja, labda. Lakini kila nikifikiria mlango ule, na yeye kuinua kichwa na kuniita kwa jina lako, mguu unakuwa mzito. Mvua ikiwa kubwa Jumamosi boti haitatoka, na Mungu anisamehe, naiombea mvua.

Yaya wako,
Philo

Kalemie, tarehe 24 Februari 2026

Yaya Philo wangu,

Nakusalimu sana, wewe na Mélanie. Presha asubuhi, ndiyo, sijasahau. Mama amepata choo, Keren ameungua pua kwa jua lililotoka saa moja tu, Immaculée anauliza kama umenenepa.

Sikukasirika kwa barua yako. Niliisoma mara mbili nikaikunja. Nitakusimulia tu kilichotokea jana, kisha utaamua mwenyewe.

Mvua ilinyesha tangu alfajiri, hatukutoka. Mama alikuwa anatenga maharage mabovu, Keren anamsaidia. Ghafla akaniuliza, "Mamere, kule Moba mulimuona Philo wangu?"

Nikasema nimepata barua yake. Sikudanganya.

"Anasema nini?"

"Anasema anataka kurudi nyumbani, ila anaogopa."

Akaacha maharage. "Si likizo bado. Wamemufukuza juu ya minerval, feza ya masomo?"

"Hapana, Mama. Hakufukuzwa. Amechoka."

"Amechoka na nini?"

"Na kazi."

Akarudi kwenye maharage yake, nikadhani amekwisha sahau tulikuwa wapi. Kisha akasema, na nakuandikia kama alivyosema, nilikwenda kuyaandika palepale nyuma ya karatasi ya dawa: "Philo alianza kazi iko mudogo sana. Baba yake iko ziwani, mi niko na mimba ya Anatole, kisha ya Chantal. Mi njo nilimupa kazi yote. Sikumupa pole." Akanishika mkono wa nguo. "Mumwandikie akuye nyumbani."

Nikamwambia, "Mvua ni nyingi, Mama. Si wakati mzuri wa kusafiri."

Akanikasirikia. "Kwao mutu anarudia siku yoyote, Mamere! Mvua njo nini?"

Halafu akaita Keren, akamwonyesha kwa kidole yule jogoo mwekundu wa Immaculée anayepita uani, akasema akamatwe, afungwe, ni wa Philo. Immaculée alikuwa mlangoni, akatoa jogoo wake.

Yaya, siahidi kitu. Kazi yangu imenifundisha kutoahidi. Leo asubuhi hakukumbuka jogoo, na Jumamosi inawezekana akakutazama akakuita Chantal, au Mamere, au asikuite kabisa. Mimi nitaondoka hapa nikiwa mtawa, nimekwisha kubali. Nimemwogesha, nimemkata kucha, nimemsikia akisema Chantal hawezi kukaa mbali naye. Nitaishi na hayo. Na nimeshamwambia mkuu wangu wa kazi kwamba Februari ijayo pia ni yangu, na ya baada yake. Hakuna atakayeigombania.

Wewe njoo na boti ya Jumamosi. Ikinyesha, jifunike. Usipitie jikoni. Pitia mlango wa mbele, begi mkononi, usimame pale kizingitini mpaka ainue kichwa. Koti la bluu nimelificha.

Jogoo yuko nyuma ya jiko, amefungwa mguu. Nitampika mimi. Wewe utakaa mezani.

Mdogo wako,
Chantal